Umar bin Abdul-Aziz na Mali ya Watu Wote

Atajwapo Umar bin Abdul-Aziz, Mwenyezi Mungu amrehemu, katika baraza zetu, hakuchelewi kusimuliwa kisa cha mshumaa. Kila mtu akijua: Khalifa alikuwa usiku akitazama mambo ya Waislamu kwa mwanga wa mshumaa ulionunuliwa kwa mali ya Baitul-Mali, na mazungumzo yalipogeuka yakawa ya nafsi yake na watu wa nyumbani kwake, aliuzima akawasha taa yake mwenyewe. Wasikilizaji hutikisa vichwa wakastaajabu, kisha adhana ikalia, wakainuka kwenda kutawadha, na mfereji wa msikiti ukaachwa wazi tangu mtu aanzapo kukunja mikono ya kanzu hata amalizapo kuosha miguu. Maji hayo ni ya wakfu, na yaliyo ya wakfu ni ya watu wote.

Sisi twaona kuwa kisa hiki kimesimuliwa mno hata kimekuwa kama ngano ya kuwalalishia watoto. Kwa hivyo tumependa kuyaeleza maisha ya mtu huyu tangu mwanzo wake, ili ajulikane ni nani huyo aliyeuzima mshumaa, na ni mtu wa namna gani kabla hajauzima.

Alizaliwa mwanzo wa miaka ya 60 ya Hijra, yaani baina ya 680 na 683 ya Miladi. Babake ni Abdul-Aziz bin Marwan, aliyekuwa liwali wa Misri kwa miaka kama ishirini, na mamake ni Ummu Asim, mjukuu wa Sayyidna Umar bin Khattab. Kwa hivyo yalikutana kwake mambo mawili yasiyokutana mara nyingi: ufalme wa Bani Umayya kwa upande wa kuumeni, na uadilifu wa Umar wa kwanza kwa upande wa kukeni. Babake alimpeleka Madina akasome, na mwalimu wake akawa Salih bin Kaysan. Siku moja kijana alichelewa sala ya jamaa kwa sababu mjakazi alikuwa bado akimchana nywele. Mwalimu akamwandikia babake Misri, na jawabu likawa ni mjumbe aliyekuja kumnyoa kichwa chote. Babake alipofariki katika mwaka wa 705, ami yake, Khalifa Abdul-Malik, alimchukua akamwoza binti yake Fatima. Bibi huyu ni binti wa khalifa, na ndugu zake wanne walitawala ukhalifa mmoja baada ya mwingine. Msomaji amkumbuke, maana tutarejea kwake.

Ujana wa Umar haukuwa ujana wa zuhudi. Watu wa tarehe wanasimulia kuwa hapakuwa na kijana katika ukoo ule aliyemshinda kwa mavazi na manukato. Wafuaji nguo walikuwa wakipewa fedha na watu ili nguo zao zifuliwe katika maji yaliyokwisha fuliwa nguo zake, zipate harufu ya mafuta yake mazuri. Alikuwa na mwendo wake wa maringo ambao wasichana waliuiga, na akinunuliwa nguo ya mamia ya dirhamu akiiona bado ina ukavu. Alipofanywa liwali wa Madina katika mwaka wa 87 wa Hijra (706) aliwakusanya wanavyuoni kumi wa mji ule akawafanya washauri wake, asikate jambo bila wao, na ni yeye aliyesimamia kuupanua Msikiti wa Mtume kwa amri ya Khalifa al-Walid. Lakini kwa matumizi ya nafsi yake alibaki kuwa mtoto wa kifalme. Twayataja haya kwa makusudi, kwa kuwa wako wadhanio kwamba mtu mwangalifu huzaliwa hivyo, na kwamba aliyelelewa katika wingi hana la kutenda ila kumwaga.

Katika mwaka wa 99 wa Hijra (717) Khalifa Sulayman alikufa huko Dabiq, kaskazini ya Sham, na kwa shauri la Raja bin Haywa alikuwa ameandika wasia wa kumpa Umar ukhalifa. Usia uliposomwa, Umar aliona limemwangukia jambo asilolitaka. Wakamletea farasi wa msafara wa kifalme, akawaacha, akapanda nyumbu wake. Farasi wale, na mahema mapya na mazulia aliyowekewa khalifa mpya, akaamrisha viuzwe na thamani yake itiwe Baitul-Mali. Wakati huo haukuwa wakati wa wasaa. Majeshi yalikuwa yakiuzunguka mji wa Kustantiniya, na vita vile vilikula watu na merikebu na mali pasi na kupatikana ushindi. Umar aliwapelekea askari chakula na wanyama, akawarejesha makwao.

Kisha akaingia katika kurejesha kilichochukuliwa kwa dhulma, akaanza na nafsi yake: mashamba aliyopewa na makhalifa waliopita aliyatoa, na hati zake akazikata mbele ya watu. Pato lake, lililokuwa maelfu ya dinari kwa mwaka, likawa ni mamia tu. Jamaa zake walipoona zamu yao imefika walighadhibika mno, wakampeleka shangazi yake akamsemeze. Hakupata kitu.

Hayo ndiyo makubwa, na lau angeishia hapo jina lake lingalibaki. Lakini mtu huyu aliyavaa na madogo. Liwali wake wa Madina, Abubakar bin Muhammad bin Hazm, alimwandikia akitaka aongezewe karatasi za diwani na mishumaa ya kumwangazia njia atokapo usiku. Umar alimjibu kuwa achonge kalamu yake iwe nyembamba, akaribishe mistari, na akusanye haja nyingi katika waraka mmoja. Ama mishumaa, alimkumbusha kwamba kabla hajapewa kazi ile alikuwa akitoka nyumbani kwake usiku wa baridi na giza bila mshumaa, na siku zile hali yake ilikuwa bora kuliko sasa. Yafaa ijulikane kuwa karatasi ya zama zile, ambayo kwa Kiarabu ni qirtas, na ndiko lilikotoka neno letu, ilitengenezwa Misri kwa matete ya Nili, na dola nzima tangu Sindi hata Andalusi ikiitegemea. Kila jani lililoandikwa maneno matatu likatupwa lilikuwa limelipiwa na mkulima fulani aliyetoa kharaji yake.

Na tazama ajabu hii. Abubakar huyu huyu aliyenyimwa karatasi pana ndiye aliyeandikiwa na Umar kwamba azikusanye hadithi za Mtume, rehema na amani zimshukie, aziandike, kwa kuchelea elimu isipotee kwa kufa wenye kuihifadhi. Hapo karatasi haikuonekana kuwa ni ghali. Bahili angalizizuia zote mbili, na mbadhirifu angalizitoa zote mbili. Umar alijua hii ni ya nini na ile ni ya nini.

Mtumishi wake alikuwa akimpashia maji ya kutawadhia wakati wa baridi katika jiko la umma, lililokuwa likipikiwa maskini. Alipogundua, alihesabu siku, akakisia kuni, akalipa. Siku nyingine aliletewa asali aliyokuwa akiitamani, akauliza imekujaje, akaambiwa imebebwa na mnyama wa barua za serikali. Akaiuza asali, mtaji akamrejeshea mwenyewe, na faida akaitia katika malisho ya wanyama wale. Na wanyama wenyewe hakuwasahau, kwani aliposikia kuwa ngamia wa Misri hupakizwa ratili elfu, aliandika wasipakizwe zaidi ya 600.

Wako wenye kusema kwamba haya ni mambo ya kupima kwa punje, na kwamba kuni za birika moja hazifilisi dola. Ni kweli, hazifilisi. Lakini sisi twamuuliza msemaji: jiko lile lilikuwa na watumishi wangapi? Kila mmoja wao alikuwa na birika lake na baridi yake, na kila mmoja alikuwa akimtazama Khalifa. Mwivi wa Baitul-Mali hujulikana, akashitakiwa. Ama huyu mwenye kuchota kidogo kwa hoja ya kuwa ni kidogo, hapana kadhi amhukumuye, na wenziwe ni wengi kuliko wezi.

Tuchukue maji yetu haya ya Mombasa. Yatoka mbali: sehemu yake yatoka chemchemi za Mzima, huko Tsavo, kwa mabomba yaliyolazwa katika miaka ya 1950, mwendo wa zaidi ya kilomita 200, na sehemu yatoka Baricho na Tiwi na Marere. Hesabu ya watu ya 2019 ilipata katika kaunti hii watu zaidi ya 1,200,000, na maji hayawatoshi. Yako majumba ambayo mifereji yake hukaa kavu siku nyingi, na mama wa nyumba hununua maji kwa mtungi kutoka kwa mwenye mkokoteni, akapima la kupikia na la kuogeshea mtoto. Na bara ya kaskazini, baina ya 2020 na 2022, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, wanyama wakafa kwa makundi. Mtume wetu alikuwa akitawadha kwa kibaba na kuoga kwa pishi, vipimo ambavyo bibi zetu walikuwa wakipimia mchele na kila mtu huku pwani akivijua. Mtu na asimame kando ya mfereji wa msikiti akisie vibaba vingapi vyapita bila kugusa kiungo.

Umar hakuwa mtu wa kuzuia tu. Kutoka Iraki, liwali wake Abdul-Hamid alimwandikia kuwa watu wamekwisha pewa haki zao na mali imebaki. Jawabu likawa: walipiwe madeni waliokopa si kwa upumbavu wala israfu. Ikabaki, waozwe vijana wasiokuwa na mali wanaotaka kuoa. Ikabaki, wakopeshwe wakulima wasio Waislamu walioshindwa kulima ardhi zao, wapate nguvu. Watunza Al-Kaaba walipotaka nguo ya kuivika, aliona matumbo yenye njaa yana haki zaidi. Na Msikiti mkuu wa Damascus, ambao al-Walid aliujenga kwa mali isiyo na hesabu, alikusudia kuung'oa dhahabu na kuzibadili minyororo ya taa kwa kamba. Kisha wakaja wajumbe wa Warumi, na mkuu wao alipouona alishangaa hata akabadilika rangi, Umar akauacha kama ulivyo. Wengine humlaumu kwa kuacha. Sisi hatumlaumu, kwani kilichokwisha jengwa na kikawa na manufaa, kukivunja huenda kukawa ni israfu ya pili.

Ukhalifa wake haukufika miaka mitatu. Katika Rajab ya 101 (720) alikufa huko Dayr Sim'an, katika nchi ya Sham, na umri wake ni kiasi cha miaka 40. Mahali pa kaburi lake alipanunua kwa fedha yake kwa mwenyewe, naye hakuwa Mwislamu, alikuwa yuko tayari kumpa bure.

Baada yake alitawala shemeji yake, Yazid bin Abdul-Malik. Hapo mwanzo Umar alikuwa amemhiyarisha Fatima baina yake na kito cha thamani alichopewa na babake, na bibi yule akamchagua mumewe, kito kikatiwa Baitul-Mali. Yazid alimletea habari dada yake kwamba akitaka atarejeshewa. Fatima alikataa, kwa kuwa hakuona sawa kumtii mumewe katika uhai wake na kumwasi akiwa amekufa. Basi Yazid akakichukua, akawagawia watu wa nyumbani kwake.