Zubeir bin Awwam: Deni Kwanza, Mirathi Baadaye

Ndugu msomaji, jina la Zubeir bin Awwam (R.A.) likitajwa, wengi wetu hukumbuka upanga. Alikuwa mtoto wa Bi Swafia, shangazi yake Mtume (S.A.W.), na mmoja katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Leo hebu tumtazame kwa upande mwengine, upande wa wasia wake.

Mwaka 36 Hijria (656 Miladia), siku ya vita vya Jamal karibu na Basra, Zubeir alihisi kuwa siku hiyo atauawa. Akamwita mwanawe Abdallah. Unadhani alimuusia nini? Si kisasi wala cheo. Kilichomkosesha raha ni deni. Alimtaka auze mali, alipe, kisha katika kitakachobaki atoe thuluthi ya wasia, na thuluthi ya hiyo thuluthi wapewe watoto wa Abdallah. Hapa pana fiqhi, usipapite mbio. Wajukuu hao hawakuwa warithi maana baba yao yu hai, ndio wasia ukawafaa. Abdallah mwenyewe ni mrithi, kwa hivyo fungu lake lilikuwa kwenye mirathi. Na deni likimshinda, amwombe msaada Bwana wake Zubeir. Abdallah hakufahamu, ikabidi aulize ni bwana yupi huyo. Akaambiwa ni Allah.

Deni lilitoka wapi? Zubeir hakuwa mbadhirifu hata kidogo. Watu wakimletea pesa awawekee amana, naye hakubali kuzipokea kwa jina hilo. Amana ikipotea bila uzembe, aliyewekewa halipi. Mkopo ukipotea, lazima ulipwe. Basi akizichukua kama mkopo, hasara iwe yake. Abdallah alipopiga hesabu akakuta 2,200,000! Na pesa taslimu hakuna, si dinari si dirhamu. Palikuwa na ardhi ya Ghaba, nyumba 11 Madina, mbili Basra, moja Kufa na moja Misri.

Ghaba, iliyonunuliwa kwa 170,000, ikauzwa kwa 1,600,000. Abdallah bin Jaafar, aliyekuwa akidai 400,000, alijitolea kusamehe. Mwana wa Zubeir akakataa. Akataka basi alipwe mwisho, akakataliwa pia. Ndipo akakatiwa kipande cha ardhi hiyo.

Madeni yakaisha. Nduguze wakaja wakitaka mirathi igawiwe. Tuseme kweli, nani kati yetu angewalaumu? Lakini Abdallah hakukubali. Kwa miaka 4, kila msimu wa Hija, alikuwa akitangaza kuwa anayemdai Zubeir aje alipwe. Zama zile, tangazo gani lingefika mbali kuliko hilo?

Miaka 4 ilipotimia akatoa thuluthi, kisha akawagawia warithi. Wajane walikuwa 4, washirika katika thumni moja, na kila mmoja alipata 1,200,000. Anayependa hesabu na azidishe: jumla atakayopata haiafikiani na ile 50,200,000 iliyotajwa katika Sahihi Bukhari, na maulamaa wameijadili sana.