Dhalimu: Maana ya Neno na Mfano wa Mtu

Neno dhalimu latajwa kila siku barazani na sokoni, na wengi wetu twalitumia bila ya kulipima. Asili yake ni Kiarabu, nalo latokana na dhulma, ambayo wanachuoni wa lugha wameieleza kuwa ni kukiweka kitu pahali pasipokuwa pake. Katika mzizi huo huo mna neno la giza. Basi si kila mwenye kuumiza huitwa dhalimu. Tabibu hupasua mwili, na kadhi humwadhibu mwizi, wala hawalaumiwi wakitenda kwa haki. Dhalimu ni yule aichukuaye adhabu ya mwenye kosa akamtwika asiye na kosa.

Ili maana hii ipate kukaa nyoyoni, twatoa mfano wa mtu ambaye mji wa Nyeri hauwezi kuelezwa asili yake bila ya kumtaja, naye ni Richard Meinertzhagen.

Alizaliwa London mwaka 1878, mwana wa tajiri wa benki. Mwaka 1902 alishuka Mombasa, afisa wa jeshi la King's African Rifles, ambalo watu wetu wakiliita Keya, akapelekwa Fort Hall, ndiyo Murang'a ya leo. Mwezi wa Septemba mwaka ule mzungu mmoja aliuawa na wanakijiji. Meinertzhagen alikizingira kijiji usiku, na kwa maelezo yake mwenyewe aliamrisha wauawe wote ila watoto, na nyumba zikachomwa moto. Muuaji ni nani, hakuuliza.

Mwezi wa Desemba msafara wa biashara ulikuwa umeshambuliwa na watu wa Tetu. Jeshi likaenda kuwaadhibu, ng'ombe wakatekwa, na chini ya kilima cha Nyeri ikajengwa boma. Boma lile ndilo lililozaa mji. Mwaka 1904 akawamo tena katika vita vya Iriaini na Embu, ambavyo watu wengi waliuawa.

Kisha akahamishiwa kwa Wanandi. Tarehe 19 Oktoba 1905 alikutana na kiongozi wao, Koitalel arap Samoei, katika mkutano wa kutaka suluhu, na hapo Koitalel akapigwa risasi akafa. Mabaraza matatu yalichunguza yakamwondolea lawama, lakini mwaka 1906 serikali ilimwondosha nchini.

Mwaka 1957 alichapisha shajara yake ya Kenya. Wakati huo milima ile ile ilikuwa katika hali ya hatari, na tangu mwaka 1954 watu zaidi ya milioni moja walikuwa wamehamishwa kwa nguvu kutiwa katika vijiji vyenye ulinzi, mwenye kosa na asiye na kosa pamoja. Alikufa mwaka 1967. Baadaye wataalamu wa ndege waligundua kuwa aliiba ndege waliohifadhiwa katika majumba ya makumbusho akawabandika maelezo ya uongo, na shajara zake pia zikatiliwa shaka.

Huenda msomaji akasema: ikiwa mtu huyu ni mwongo, basi na mauaji aliyoyasimulia tuyapunguze. Nasi twajibu kwamba hata kama alizidisha, alizidisha akidhani ni sifa. Hiyo ndiyo alama kubwa ya dhalimu. Giza lilimzunguka hata asione haya kuyachapa aliyoyatenda.

Wala tusidhani aliyatenda peke yake. Miongoni mwa askari na wapagazi wa siku zile walikuwamo watu wa pwani yetu. Mkono mmoja uliamrisha, na mikono mingi ikawasha moto.

Kwa hivyo, ndugu zetu, neno hili tusiwawekee wakubwa na wageni tu. Anayemfukuza kazi mtumishi kwa wizi wa mwenziwe, na anayewachukia watu wa mtaa mzima kwa kosa la kijana mmoja, ameiweka adhabu pasipokuwa pake. Kipimo cha neno ni kimoja, na kwanza tujipimie wenyewe.