SITI BINTI SAAD, MWANA WA FUMBA

Ndugu na jamaa mliotawanyika duniani, baadhi ya vijana wetu waliozaliwa huku ughaibuni wameniambia kwamba taarabu si mali yetu. Udi ni wa Waarabu, fidla ni ya Wazungu, basi chetu ni kipi? Nimeona niwajibu kwa kuwasimulia, kwa ufupi, maisha ya Siti binti Saad.

Alizaliwa kijijini Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880. Baba yake alikuwa Mnyamwezi na mama yake Mzigua, watu wa hali ya chini kabisa. Yeye mwenyewe aliitwa Mtumwa. Jina la Siti, yaani bibi mwenye heshima, alipewa baadaye. Kazi yao ilikuwa ufinyanzi, naye alichukua vyungu kichwani akivinadi kwa sauti iliyosikika mbali. Shule hakusoma.

Mnamo 1911 alihamia mjini, na Ali Muhsin, mwanamuziki wa Ikhwani Safaa, akamfundisha kuimba na kufuata ala. Wakati huo taarabu ilikuwa burudani ya wakubwa. Sayyid Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri katika enzi yake (1870–1888), na iliimbwa kwa Kiarabu, lugha ambayo wengi wa waliosikiliza hawakuielewa.

Hapo ndipo lilipo jambo lenyewe. Siti hakuitupa ala ya mgeni, wala hakujigeuza mgeni. Aliuchukua udi, fidla na tari, akavitia maneno ya Kiswahili yenye vina, mizani na mafumbo, kama yalivyotungwa na wahenga wetu pwani nzima. Wenzake walikuwa Subeti Ambari, Buda Swedi, Mwalimu Shaaban na Mbaruku, ambaye alikuwa kipofu. Wakikutana nyumbani kwake Ng'ambo, waliyatunga kuwa nyimbo yaliyotokea mitaani na mahakamani. Wimbo wa Kijiti, kwa mfano, unahusu mwanamke aliyeuawa, muuaji akatoroka, na adhabu ikawaangukia mashahidi. Mimi niliyetumikia serikali miaka mingi nakiri kuwa majalada yetu hayakuhifadhi kilio cha wanyonge kwa uaminifu kama huo.

Mwaka 1928 kampuni ya His Master's Voice iliwachukua hadi Bombay kurekodi. Santuri zao zikauzwa kwa maelfu Afrika Mashariki yote, zikachezwa mikahawani, na Kiswahili cha Unguja kikafika bara pamoja nazo. Chombo cha mgeni, tena mashine, ndicho kilichotuhifadhia sauti yake.

Alifariki Julai 1950. Muda mfupi kabla ya hapo Shaaban Robert alikutana naye akayaandika maisha yake, na Wasifu wa Siti binti Saad ukachapishwa 1958. Nakala yangu nitakuja nayo kwenye mkutano wetu. Atakayeiazima tafadhali airejeshe.