Alexander Mackay (1849–1890): Mhandisi Aliyeutoa Ufundi Wake kwa Injili

Msharika wa Mbezi Beach anayeifuata Barabara ya Bagamoyo kwenda kaskazini huziacha nyuma Tegeta na Bunju, kisha hufika Bagamoyo. Mbele zaidi, ng'ambo ya Mto Wami, iko Saadani, bandari ndogo ya kale inayotazamana na Unguja. Kutoka Saadani, mwaka 1877, ilikatwa barabara ya kwenda Mpwapwa, yenye urefu wa takriban kilometa 370. Msimamizi wa kazi hiyo alikuwa mhandisi kijana kutoka Uskoti, Alexander Mackay. Hakuwa Mlutheri, na utume wake aliufanya mbali na Dar es Salaam. Hata hivyo, kitabu cha kumbukumbu ya miaka mia moja hakikamiliki bila kuwataja watangulizi waliopita njia hii kabla mbegu haijapandwa.

Malezi

Mackay alizaliwa tarehe 13 Oktoba 1849 katika kijiji cha Rhynie, Aberdeenshire. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kanisa Huru la Uskoti, naye alimfundisha mwanawe nyumbani hadi alipofikia umri wa miaka kumi na minne. Alitumaini kwamba kijana huyo angerithi mimbara, lakini moyo wa kijana ulivutwa na mitambo na kazi za mikono. Mama yake alifariki angali mwanafunzi, akamwachia Biblia yake na wosia wa kuisoma kwa bidii.

Huko Edinburgh alisomea ualimu, kisha uhandisi. Mwaka 1873 alikwenda Berlin, akaajiriwa kuchora michoro ya mitambo katika kiwanda. Katika mji huo alipata urafiki wa Mchungaji Baur, mhubiri wa jumba la kifalme, na katika nyumba ya jamaa hiyo ya Kiinjili imani yake ilikomaa. Ndipo barua ya dada yake ikamfikia, ikieleza jinsi Madagaska ilivyohitaji watenda kazi. Mackay aliamua kwenda, si kwa kuuacha uhandisi, bali kwa kuutumia uhandisi wenyewe kuwa utumishi.

Safari na Barabara

Mlango wa Madagaska haukufunguka. Lakini mwaka 1875 barua ya Henry Stanley ilichapishwa gazetini London, ikiomba wamisionari kwa ajili ya Kabaka Mutesa wa Buganda. Chama cha Misioni cha Kanisa la Uingereza kiliwatuma watu wanane, Mackay akiwa mmojawapo. Katika kuagana aliwaonya wakuu wa chama kwamba huenda kabla ya miezi sita wangesikia kifo cha mmoja wao. Habari hiyo ikija wasikate tamaa, bali wamtume mwingine mahali pake. Waliondoka Aprili 1876. Mwezi Agosti mwaka huo mmoja wao alifariki Unguja.

Mackay alijaribu kwanza njia ya maji, akaipandisha mashua ya mvuke iitwayo Daisy katika mito ya Wami na Ruvu, lakini mito hiyo haikufaa kwa safari za bara. Alipougua alirudishwa pwani, na baada ya kupona ndipo alipoanza barabara ya Mpwapwa. Magari ya ng'ombe yalipoletwa, mvua ziliyakwamisha matopeni na ng'ombe wengi wakafa. Katika taabu hizo alipata habari kwamba wenzake wawili wameuawa Ukerewe, Desemba 1877. Hakurudi nyuma. Alikwenda Ukerewe bila silaha, akazungumza na mtawala wake habari za amani. Alifika Buganda Novemba 1878.

Mzungu wa Kazi

Katika ikulu ya Mutesa alisoma Maandiko kwa Kiswahili, katika tafsiri za Askofu Steere wa Unguja. Siku za kazi alifua chuma, alichonga mbao na kufundisha vijana. Akachonga herufi za kuchapia ili watu wasome Neno kwa Kiganda. Watu walimwita Mzungu wa Kazi. Wabatizwa wa kwanza watano walipokelewa Machi 1882.

Hakuwa mtu asiye na kasoro. Mabishano yake makali na mapadre wa Kifaransa mbele ya Kabaka yaliwafadhaisha wasikilizaji, wasijue wamwamini nani.

Jaribu kubwa lilikuja baada ya Mwanga kutawala mwaka 1884. Januari 1885 vijana watatu Wakristo waliuawa kwa moto; Oktoba mwaka huo Askofu Hannington aliuawa Busoga; na Juni 1886 mashahidi wengi waliteketezwa Namugongo. Mackay angeweza kuondoka kwa heshima, wala hapana ambaye angemlaumu. Alibaki, akiendelea kutafsiri na kuchapa ili waumini waliojificha wapate chakula cha roho. Aliondoka Julai 1887 kwa kulazimishwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa, katika Tanzania ya leo.

Mwisho wa Safari

Mwaka huo huo wa 1887 wamisionari wa Kilutheri kutoka Berlin walifika Dar es Salaam. Huko Usambiro Mackay aliendelea kutafsiri Injili ya Yohana na kujenga mashua. Stanley alipomtembelea mwaka 1889, Mackay hakukubali kufuatana naye kwenda pwani na kurudi kwao, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpokea kazi. Hakuoa, na tangu mwaka 1876 hakuiona tena Ulaya. Jamaa yake aliitunza kwa barua tu. Alifariki kwa homa Februari 1890, akiwa na umri wa miaka arobaini. Dada yake, yule aliyemwandikia habari za Madagaska, ndiye aliyekuja kuandika kitabu cha maisha yake. Mwaka 1927 mabaki yake yalihamishiwa Namirembe, Kampala.

Usharika wa mjini una wahandisi, mafundi, wahasibu na wauguzi, walio kazini na waliostaafu. Wapo wanaodhani kwamba utumishi ni wa wachungaji na wainjilisti peke yao. Maisha ya Mackay yanawaonyesha kwamba nyundo na kalamu ya kuchorea vyaweza kuwekwa madhabahuni. Bwana wa mavuno na ajaliwe kupata watenda kazi wa namna hiyo katika kizazi hiki na kijacho.