Fundi wa Nuru Aliyechora Kiza

Juzuu zangu za kwanza nilizisoma kwa mwanga wa koroboi. Hata leo stima ikipotea, hukaa nikatazama jinsi kimwanga kidogo kinavyozigeuza nyuso za watu wangu: huyu ang'ara, yule amemezwa na kiza. Ndiposa nilipoona kitabuni picha moja ya wino ya Mholanzi Rembrandt, nilihisi kana kwamba namjua mwenyewe.

Leo basi, ndugu msomaji, nataka nikusimulie habari zake.

Rembrandt alizaliwa mjini Leiden tarehe 15 Julai 1606. Babake alikuwa na kinu cha kusaga nafaka. Alipohamia Amsterdam jina lake likavuma upesi, na matajiri wakamjia awachore. Mwaka 1634 alimwoa Saskia, na mwaka 1639 akanunua jumba la fahari kwa deni.

Lakini maji ya dunia hujaa na kupwa. Watoto wao watatu walifariki wangali wachanga, akabaki Titus peke yake. Saskia naye akafariki mwaka 1642. Mwaka 1656 Rembrandt alifilisika. Mali yake ikapigwa mnada, na mwaka 1658 jumba likauzwa.

Katika miaka hiyo ya dhiki alikuwa akinakili picha ndogo ndogo zilizotoka India, za wafalme wa Kiislamu, Shah Jahan akiwa mmoja wao. Hakupata kutoka nje ya nchi yake, lakini michoro hiyo zaidi ya 20 ingaliko hadi leo.

Ndipo ikaja kazi kubwa. Madiwani wa Amsterdam walikuwa wamejenga jumba jipya la baraza, wakampa Govert Flinck kazi ya kulipamba. Flinck alikuwa mwanafunzi wa Rembrandt. Alipofariki mwaka 1660, sehemu ya kazi ikamwangukia mwalimu.

Alitakiwa achore kisa cha mwaka 69, cha Claudius Civilis, mkuu wa Wabatavi aliyekuwa chongo. Alikusanya watu wake usiku wakala kiapo kuupinga utawala wa Roma.

Rembrandt alijaribu fikira yake kwenye karatasi iliyokuwa karibu, nayo ilikuwa barua ya kualika watu mazishini, ya tarehe 25 Oktoba 1661. Nyuma yake alichora ukumbi mkubwa wa matao, na katikati meza iliyozungukwa na watu, kwa kalamu na wino wa hudhurungi.

Kwa muda mrefu niliutafuta wino aliochorea mwanga, nisiuone. Palipo kiza pana wino. Palipo nuru hapana kitu, ni karatasi tupu iliyoachwa. Fundi huyu hakuchora nuru. Alichora kiza, nuru ikajitokeza yenyewe.

Picha kamili ilikuwa na upana wa kama mita 5 na nusu, na urefu vivyo hivyo. Ilitundikwa mwaka 1662, na kabla mwaka kwisha ikateremshwa, ikawekwa ya mchoraji mwingine. Baadaye ikakatwa. Kipande kilichosalia, kama mita 2 kwa 3, kiko Stockholm, Uswidi.

Misiba haikumwacha. Hendrickje, mwanamke aliyeishi naye baada ya Saskia, alifariki mwaka 1663, na Titus mwaka 1668. Rembrandt mwenyewe alifariki tarehe 4 Oktoba 1669, akazikwa katika kaburi la kukodi.

Leo anayetaka kujua picha ile ilikuwaje ilipokuwa nzima hana budi kuitazama ile barua ya mazishi, iliyohifadhiwa Munich, Ujerumani. Haizidi kiganja cha mkono na vidole vyake. Kazi ya waheshimiwa ilikatwa vipande. Karatasi ya kutupwa ikabaki.

Wazee wetu husema dau la mnyonge haliendi joshi. Dau hili limekwenda zaidi ya miaka 350.