Archimedes na Taji ya Mfalme

Archimedes alizaliwa karibu mwaka 287 kabla ya Kristo, katika mji wa Sirakusa, kisiwani Sisilia. Ndio mji ambamo Mtume Paulo alikaa siku tatu alipokuwa akipelekwa Roma. Baba yake, Phidias, alikuwa mtaalamu wa nyota. Archimedes mwenyewe alishika elimu ya hesabu, akaandikiana na wataalamu wa Alexandria katika nchi ya Misri.

Watu wa kale walisimulia kwamba Hiero, mfalme wa Sirakusa, alimpa mfua dhahabu kazi ya kutengeneza taji. Taji ilipoletwa, uzito wake ulikuwa sawasawa na dhahabu iliyotolewa. Lakini habari zikaenea kuwa fundi yule ameiba dhahabu na kutia fedha mahali pake. Mfalme alikasirika, lakini hakuwa na ushahidi. Basi akamwita Archimedes aitafute kweli.

Siku moja Archimedes aliingia katika birika la kuogea. Akaona kwamba kadiri mwili wake ulivyozama, ndivyo maji yalivyomwagika. Mara akafahamu: kitu kizamacho huondoa maji yenye ujazo sawa na wake. Kwa furaha alikimbia nyumbani, akasahau nguo zake!

Kisha akatwaa bonge la dhahabu na bonge la fedha, kila moja lenye uzito sawa na taji. Akayazamisha kwa zamu katika chombo kilichojaa maji. Fedha iliondoa maji mengi kuliko dhahabu. Taji nayo iliondoa maji mengi kuliko dhahabu. Hivyo wizi ukajulikana. Njia ya mwongo ni fupi.

Mwaka 212 kabla ya Kristo Warumi waliuteka mji. Jemadari Marcellus hakutaka Archimedes auawe, lakini askari mmoja alimwua. Juu ya kaburi lake ilichongwa alama ya tufe na silinda, maana alikuwa amepata hesabu ya ujazo wake. Mwaka 75 kabla ya Kristo, Cicero wa Roma alilikuta kaburi hilo limefunikwa na miiba, akalitambua kwa alama hiyo.

Kaburi lilisahauliwa, lakini hesabu ya uzito na ujazo yafaa hata leo, hata kwa dhahabu ya Kamituga katika Kivu ya Kusini. Kipande chenye gramu 386 kikiondoa maji ya sentimeta za ujazo 20, gawanya 386 kwa 20. Jibu ni 19.3, nayo ndiyo densiti ya dhahabu safi. Densiti ya fedha ni 10.5 tu. Jibu likipungua 19.3, kipande si dhahabu tupu. Lakini mchimbaji asisingiziwe, kwani mara nyingi dhahabu hutoka ardhini ikiwa na fedha ndani yake. Archimedes naye hakuipima taji peke yake, bali aliilinganisha na dhahabu. Mtu mwenye haki hupima kwanza, ndipo ahukumu.