Seremala wa Billund: Maisha ya Ole Kirk Kristiansen na Funzo Lake kwa Mwalimu wa Shule ya Msingi

Miongoni mwa vitu vilivyobuniwa kwa ajili ya mikono ya watoto, ni vichache vilivyoenea duniani kama kitofali kidogo cha plastiki chenye vinundu juu yake. Kwa vitofali hivyo watoto hujenga nyumba, madaraja na mashine. Tena wako wanaojenga magari madogo yenye mota, gia na usukani, ambayo huenda na kukata kona kwa kuongozwa kutoka mbali. Baadhi ya wanachuo watasema kwamba vitu vya namna hiyo ni vya watoto wa matajiri, na kwamba shule zetu hazina la kujifunza kwavyo. Madhumuni ya makala haya ni kuonyesha kwamba sivyo. Mtu aliyeanzisha kazi hiyo alikuwa seremala wa kijijini aliyeandamwa na shida, na jambo aliloshikilia katika maisha yake yote ni jambo ambalo kila mwalimu hana budi kulitafakari: ubora wa ile sehemu ya kazi ambayo mtoto haioni.

Utoto na ufundi

Ole Kirk Kristiansen alizaliwa tarehe 7 Aprili, 1891, huko Filskov, katika rasi ya Jutland nchini Denmark. Alikuwa mtoto wa kumi katika jamaa ya wakulima wasiokuwa na mali. Alipokuwa mdogo alichunga kondoo, na huko machungani alipitisha saa nyingi akichonga vijiti kwa kisu. Baadaye alifundishwa useremala na kaka yake, kisha akaenda kutafuta kazi Ujerumani na Norway. Mwaka 1916 alinunua karakana katika kijiji cha Billund, akamwoa Hansine, binti waliyejuana huko Norway, nao wakajaliwa kupata wana wanne. Kazi yake ilikuwa kuwajengea wakulima wa jirani nyumba, na kuwatengenezea milango, madirisha na samani.

Mwaka 1924 wanawe wawili waliwasha moto katika karakana. Moto ukashika maranda, na kabla ya watu kuuzima ukateketeza karakana pamoja na nyumba ya jamaa. Kristiansen hakukata tamaa. Alijenga upya, tena kwa ukubwa zaidi kuliko kwanza.

Miaka ya shida

Mdororo wa uchumi uliozuka mwaka 1929 ulizikumba nchi nyingi. Bei za mazao zilipoanguka, wakulima wa Jutland hawakuwa tena na fedha za kujengea, na seremala aliyewategemea akakosa kazi. Ilimlazimu kuwaachisha kazi mafundi wake. Mwaka 1932 mkewe akafariki, akamwachia watoto wanne wa kulea.

Katika mwaka huo huo Kristiansen aligeukia vitu vidogo ambavyo watu wangeweza kuvinunua: ngazi, mbao za kupigia pasi, na vitu vya watoto vya kuchezea, kama vile magari na wanyama wa mbao wenye magurudumu. Walikuwako waliomwona kuwa fundi mzuri anayepoteza ujuzi wake kwa mambo ya kitoto. Yeye hakuona hivyo. Kwake, gari la mtoto lilistahili kuungwa kwa uangalifu ule ule wa mlango wa nyumba. Mwaka 1934 aliipa karakana yake jina la LEGO, alilolitoa katika maneno mawili ya Kidenmark yenye maana ya kucheza vizuri.

Vanishi ya tatu

Kiko kisa kimoja ambacho jamaa yake walikihifadhi, nacho chafaa kukumbukwa na kila mwalimu. Karakana ilikuwa ikitengeneza bata wa mbao, na ilikuwa desturi kuwapaka bata hao vanishi mara tatu. Siku moja mwanawe Godtfred, ambaye alikuwa bado kijana, aliwapaka mara mbili tu, akawafunga katika masanduku na kuwapeleka stesheni ya reli. Aliporudi alimwarifu baba yake kwa furaha kwamba ameokoa fedha. Baba alimwamuru arudi stesheni, awachukue bata wote, awapake vanishi ya tatu, awafunge upya na kuwapeleka tena. Na kazi hiyo yote aifanye peke yake, hata kama ingemchukua usiku kucha.

Mnunuzi asingeweza kuitambua tofauti hiyo dukani. Lakini bata aliyepakwa mara mbili angechakaa upesi, na atakayeonja hasara hiyo ni mtoto, mtu asiyejua vanishi ni nini wala mahali pa kupeleka malalamiko. Kristiansen aliona kwamba kwa sababu hiyo hasa haifai kumpunja.

Kutoka mbao hadi plastiki

Mwaka 1942, wakati Denmark ilipokuwa imekaliwa na majeshi ya Ujerumani, kiwanda kiliungua tena, na michoro na vielelezo vya miaka mingi vikateketea. Kwa mara nyingine Kristiansen alijenga upya. Vita vilipokwisha aliagiza kutoka Uingereza mashine ya kushindilia plastiki iliyoyeyushwa ndani ya kalibu. Bei yake ilikuwa kama kroni 30,000, fedha nyingi mno kwa kiwanda cha kijijini, na wengi walidhani kwamba kitu cha plastiki hakitashinda kamwe cha mbao.

Wazo la kitofali chenyewe halikuwa lake. Hilary Fisher Page, mtengenezaji wa vitu vya kuchezea wa Uingereza, alikuwa amekwisha kubuni vitofali vya plastiki vinavyoshikana. Kristiansen na mwanawe walivichunguza vitofali hivyo, wakavibadili kidogo, na mwaka 1949 wakaanza kuuza vya kwao. Havikupendwa sana. Ndani vilikuwa vitupu, na kwa hiyo vilishikana kwa ulegevu. Mtoto aliyejenga mnara mrefu aliuona ukimwangukia.

Kazi ya kuurekebisha udhaifu huo iliongozwa na Godtfred, kijana yule wa bata. Dawa iliyopatikana ilikuwa vibomba vidogo ndani ya kitofali, ambavyo hubana vinundu vya kitofali cha chini. Hati ya kulinda ubunifu huo iliombwa tarehe 28 Januari, 1958. Ole Kirk Kristiansen alifariki tarehe 11 Machi mwaka huo huo, akiwa na umri wa miaka 66. Vitofali vilivyotengenezwa tangu mwaka huo vingali vikishikana na vya leo.

Kutoka kitofali hadi gari

Vibomba hivyo, ambavyo mtoto hana haja ya kuvitazama anapojenga, ndivyo vilivyofungua mlango wa mambo makubwa. Vitofali viwili vya rangi moja, kila kimoja chenye vinundu vinane, huweza kuunganishwa kwa namna 24. Vikiwa sita, namna hizo huwa 915,103,765. Mwaka 1962 kiwanda kilitoa magurudumu. Mwaka 1966 mota ya umeme wa betri iliyoendesha garimoshi. Na mwaka 1977 seti zenye ekseli na gia, ambazo kwazo mtoto aliweza kujenga fremu ya gari lenye usukani unaogeuza magurudumu ya mbele. Mwaka 2007 zikafuata mota zinazoongozwa kwa rimoti yenye kutuma mionzi isiyoonekana kwa macho, na baadaye zikaja zinazotumia mawimbi ya redio.

Tulitazame gari la namna hiyo jinsi lifanyavyo kazi. Mota ndogo huzunguka kwa kasi, lakini nguvu yake ni haba. Mjenzi huweka gia ya meno 8 kwenye mota na gia ya meno 24 kwenye ekseli. Mota hulazimika kuzunguka mara 3 ili gurudumu lizunguke mara 1. Mwendo hupungua, na nguvu ya kuzungusha huongezeka karibu mara 3, isipokuwa sehemu inayopotea katika msuguano. Mota ya pili husukuma ufito wenye meno kushoto au kulia, na magurudumu ya mbele hugeuka. Hiyo ni hesabu ya kugawanya ambayo mtoto huiona ikitembea sakafuni.

Gari hilo ndilo mtihani wa kiungo. Mota inapovuta, viungo vikiwa legevu fremu hufunguka, gia huachana, na gari husimama likinguruma. Mtoto hatasema kwamba kitofali kimetengenezwa vibaya. Mara nyingi atajisemea kwamba yeye hana akili ya ufundi, ataliacha gari pembeni, na pengine hatajaribu tena.

Funzo kwa mwalimu

Hapa ndipo maisha ya seremala huyu yanapogusa kazi yetu. Kwanza, tusingoje masanduku ya vitofali kutoka ng'ambo. Mchagua jembe si mkulima. Watoto wetu wamekwisha kujenga magari ya waya yenye magurudumu yaliyokatwa kutoka ndala zilizochakaa, na usukani mrefu ambao kwao mtoto huyageuza magurudumu ya mbele huku akitembea nyuma. Huyo ni mtoto anayeongoza gari lake kutoka mbali. Mara nyingi gari hilo huachwa nje ya mlango wa darasa, na ndani mwalimu huchora gurudumu ubaoni. Ni afadhali gari liingie ndani, lipimwe, lichorwe na kuelezwa na yule aliyelijenga.

Vivyo hivyo, visoda vya chupa vina meno yanayoweza kutumika kama gia. Vipigilie vitatu kwenye ubao, kila kimoja kwa msumari mmoja katikati, meno yao yakigusana. Kimoja kikizungushwa kuelekea kulia, cha pili huzunguka kuelekea kushoto, na cha tatu kulia tena. Waache watoto wabashiri mwendo wa cha nne na cha tano kabla ya kujaribu. Ili kufundisha uwiano, tumia kigurudumu cha uzi na kopo vilivyozungushiwa ukanda mmoja wa mpira: mzingo wa kopo ukiwa mara 3 ya mzingo wa kigurudumu, watahesabu wenyewe mizunguko.

Pili, mwalimu na apake vanishi ya tatu. Tundu la kisoda likitobolewa upande, kisoda kitakwama au kuachana na jirani yake, na mtoto aliyekizungusha atadhani kwamba ameshindwa yeye. Kwa hiyo zana haina budi kujaribiwa na mwalimu mwenyewe siku moja kabla ya somo, tena si mara moja, na kwa mkono mwepesi kama wa mtoto. Mkaguzi huenda asiyaone maandalizi hayo, na katika andalio la somo huchukua mstari mmoja tu. Hata hivyo, juu ya mstari huo pengine hutegemea kama mtoto atatoka darasani akijiamini au akijidharau.

Tatu, mwalimu aruhusu kubomoa. Thamani ya kitofali ni kwamba hushika barabara na huachia bila kuvunjika. Mtoto aliyejenga vibaya hufungua, hutazama na kujenga tena, bila aibu wala hasara. Kama tunakusanya kazi ya kwanza ya mtoto na kuipa alama papo hapo, tunamnyima nafasi ambayo hata kipande cha plastiki humpa.

Tunawashauri wanachuo kwamba, kabla ya mazoezi yajayo ya kufundisha, kila mmoja atengeneze ubao wa visoda kwa mikono yake, ampe mtoto wa darasa la tatu auzungushe, na aketi kimya amtazame. Kisoda kikikwama, asimwelekeze mtoto kwanza. Aing'oe misumari, atoboe upya katikati, kisha ampe tena.